Dawa kali za maumivu na ujauzito: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuhusu tramado na mimba, mitaani kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema ni dawa ya maumivu kama nyingine, ya pili inasema kidonge kimoja tu na mtoto amekwisha. Zote zimekosea, na wengi huhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili siku wanayogundua wana mimba.

"Tramado ni Panadol yenye nguvu."

Hapana. Panadol ni parasetamo. Tramado, kodeini, pethidini na mofini ni za jamii ya afyuni, ukoo mmoja na heroini. Zinavuka kondo la nyuma, kwa hiyo kinachomfikia mama kinamfikia na mtoto. Akimeza kila siku kwa wiki kadhaa, miili yote miwili huzoea. Tramado ikizidi kipimo inaweza pia kuleta degedege. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini katika baadhi ya maduka utakatiwa kwa mkasi vidonge vitatu kutoka kwenye karatasi yake, bila jina wala miligramu zinazosomeka. Halafu mama akiulizwa kliniki anatumia dawa gani, anajibu kwa ukweli wake wote: "Za mgongo tu." Kodeini nayo hujificha ndani ya baadhi ya dawa za kikohozi.

"Basi nitumie diklofenaki, hiyo hailevyi."

Hailevyi, kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zikitumika kuanzia wiki ya 20 ya mimba, zinaweza kudhuru figo za mtoto hadi maji ya uzazi yakapungua. Mimba ikikaribia wiki ya 30 na kuendelea, zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo ambao mtoto anauhitaji akiwa tumboni. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kipimo sahihi ndiyo ya kuanzia.

"Mjamzito avumilie tu, dawa hizi ni marufuku kwake."

Mwambie hivyo mama mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, aliyeshikwa na maumivu ya mifupa mimba ikiwa ya miezi saba. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na miongoni mwao wapo wanaokua na kubeba mimba. Maumivu yakipanda hadi parasetamo ikashindwa, hospitali humpa mofini, na ni sahihi. Pethidini ndiyo huepukwa kwake, kwa sababu ya hatari ya degedege. Ni kweli baadhi ya tafiti zimeona ongezeko dogo la kasoro za moyo na uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao walitumia dawa za jamii hii mwanzoni mwa mimba, lakini wengi mno huzaliwa wazima. Daktari hupima uzito wa pande zote mbili, kisha huandika kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache.

Sindano ya pethidini wakati wa uchungu ni habari hiyohiyo. Ikichomwa saa chache kabla ya mtoto kutoka, anaweza kuzaliwa mlegevu na mzito wa kupumua, ndiyo maana mkunga huandika saa aliyochoma na kuweka karibu vifaa vya kumsaidia kupumua.

"Aliyezoea aache siku hiyohiyo."

Huu ndio ushauri mbaya kuliko wote, na hutolewa kwa mapenzi. Arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili ulionyimwa dawa uliyoizoea, humtikisa mama na mtoto, na inaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Wengi pia hushindwa, wakarudia kipimo cha zamani huku mwili umeshapoteza mazoea, na hapo ndipo mtu hufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema mjamzito mwenye uraibu wa dawa hizi ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini, dawa za jamii hiyohiyo zinazotolewa kwa kipimo maalumu ili kuzuia arosto, badala ya kujaribu kuacha kabisa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mimba ikikua, mwili huiondoa dawa haraka zaidi, hivyo kipimo kinaweza kuongezwa au kugawanywa mara mbili kwa siku. Ndugu wakiona hivyo husema "amezidi kulewa". Hajazidi.

"Mtoto atazaliwa teja."

Kichanga hana uraibu. Uraibu ni kuitafuta dawa hata inapokuangamiza, na kichanga hajui lolote la hayo. Anachoweza kuwa nacho ni arosto: analia kwa sauti kali, anatetemeka, anapiga chafya mfululizo, ananyonya bila mpangilio, anaharisha. Dalili huanza mara nyingi ndani ya siku tatu, na kwa methadoni zinaweza kuchelewa zaidi, kwa hiyo kuruhusiwa siku ya pili ni mapema mno. Hutibika: kifuani kwa mama, chumba tulivu chenye mwanga hafifu, kunyonya mara kwa mara, na kwa baadhi matone ya mofini yanayopunguzwa polepole. Lakini wahudumu watajuaje wasubiri nini, kama mama alificha kwa kuogopa kusemwa?

Kwenye kunyonyesha mambo hugeuka. Mama aliyetulia kwenye methadoni huhimizwa kunyonyesha, isipokuwa kama kuna sababu nyingine ya kumzuia, kwa kuwa kinachopita kwenye maziwa ni kidogo. Kodeini na tramado, zinazoonekana nyepesi, ndizo FDA ilishauri mwaka 2017 zisitumiwe na anayenyonyesha. Wapo watu ambao miili yao hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, mofini hiyo ikamfikia mtoto kwa maziwa, na nchini Ethiopia wamepatikana kwa wingi. Kama mama alikwisha kuimeza na mtoto analala kupita kawaida, haamki kunyonya au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na vidonge vilivyobaki vibebwe vikaonyeshwe.