Kimbunga hakisomwi kwa kasi ya upepo peke yake: Idai na Kenneth, 2019

Tangu kumbukumbu za kuaminika za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi zianze mwaka 1967, msimu wa 2018–2019 ndio uliochachamaa kuliko misimu yote iliyoutangulia. Dhoruba 15 zilifikia kiwango cha kupewa jina, na 10 kati yake zikapanda hadi daraja la vimbunga vikali. Nyingi ziliishia baharini bila kumgusa mtu. Majina yaliyobaki vichwani ni mawili: Idai, kilichotua Beira, katikati mwa pwani ya Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi, na Kenneth, kilichotua Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, 25 Aprili. Kabla ya hapo haikuwahi kurekodiwa Msumbiji kupigwa na vimbunga viwili vikali ndani ya msimu mmoja.

Ukiangalia upepo tu, Kenneth ndicho kilichokuwa cha kutisha zaidi. Kileleni kilifika kilomita 215 kwa saa, na mgandamizo wa hewa katikati yake ukashuka hadi hektopaskali 934. Idai kiliishia 195 na 940. Lakini Idai kiliua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, ilhali vifo vya Kenneth nchini Msumbiji vilikuwa kama 45. Sehemu ya tofauti ni wingi wa watu, maana Beira ni jiji. Sehemu kubwa ni maji.

Kabla ya maji, neno moja kuhusu hizo kasi. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion, chenye dhamana ya eneo letu, hutoa wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani hutumia wastani wa dakika 1, na namba yao hutoka juu kwa kama asilimia 10. Ndiyo maana mitandaoni utakuta kimbunga kilekile kina kasi mbili, na watu wanabishana bure.

Sasa bahari. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea pwani yetu, upande wa kusini mwa jicho (kitovu cha kimbunga) upepo husukuma bahari kuja nchi kavu; upande wa kaskazini upepo hutoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo swali la kwanza si "kina nguvu kiasi gani?" bali "kitatua kaskazini yangu au kusini yangu?" Mtwara na Lindi zilipewa tahadhari kwa ajili ya Kenneth, na ilikuwa sahihi kuzipa, lakini jicho lilitua kusini zaidi, na Mtwara ikabaki upande wenye nafuu, tena mbali. Kisiwa cha Ibo na mji wa Pemba (ule wa Msumbiji, si kisiwa chetu) vilikuwa upande mbaya.

Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kama sentimita 1. Kwa Kenneth hiyo ni chini ya mita moja, si nyingi. Kinachoinua maji hasa ni upepo unaoyarundika mahali penye kina kifupi. Mbele ya Beira bahari ni ya kina kifupi kwa masafa marefu, kwa hiyo maji yanayosukumwa hayana pa kurudi chini, yanapanda. Cabo Delgado ukingo wa kina kirefu uko karibu na ufuo, kwa hiyo maji hayapandi sana kama Beira, ingawa mawimbi hugonga kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: vimbunga vyote viwili vilikuja wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo kuliko kawaida. Mwezi ulikuwa robo ya kwanza 14 Machi, na robo ya mwisho 26 Aprili. Beira kupwa na kujaa kunatofautiana kwa mita nyingi. Idai kingetua wiki moja baadaye, kwenye bamvua, siku za maji makubwa, saa ya maji kujaa, hesabu ya wafu ingekuwa nyingine kabisa.

Halafu mvua, na hapa Idai ndicho somo. Mapema Machi mfumo uleule ulikuwa umeshaingia bara Zambezia, mkoa wa Msumbiji ulio kaskazini ya Beira, ukafurika Malawi, ukarudi baharini kwenye mlango-bahari wa Msumbiji, ukajijenga upya. Uliporudi Beira ulikuta ardhi imeshiba. Ukasogea bara polepole, ukamwaga mvua kwenye milima ya mpakani na Zimbabwe. Chimanimani kukawa na maporomoko. Maji hayo yaliteremka kwa mito ya Buzi na Pungwe na kufika uwanda wa chini upepo ukiwa umeshakata. Watu waliodhani yamekwisha ndio waliokutwa juu ya mapaa. Kisha kipindupindu, wagonjwa zaidi ya 6,000.

Kwa pwani ya Tanzania haya si ya wengine tena; Hidaya kilifika Mafia 4 Mei 2024. Taarifa ikitoka, soma kasi ya mwendo wa kimbunga kabla ya kasi ya upepo wake: kinachojikokota kilomita 5 hadi 10 kwa saa huleta mvua nyingi zaidi mahali pamoja kuliko kinachopita mbio. Ile pembe pana inayochorwa mbele ya kimbunga kwenye ramani ya utabiri huonyesha jicho linaweza kupita wapi, si upana wa dhoruba, kwa hiyo kuwa nje yake si usalama. Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa, linganisha na saa ya kutua. Na kumbuka Réunion huandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa: ongeza tatu. Saa 12:00 yao ni saa tisa alasiri kwetu. Maji huchukua kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, kwa hiyo ukisahau kuongeza hizo tatu umekosea nusu nzima ya kujaa kwa maji.