Ishara ya mkono ni nini, na inaelezwaje

Mama muuza nyanya katika soko la Majengo, Dodoma, hatulizi mikono. Anapanga nyanya kwenye sado, anafukuza nzi kwa pindo la kanga, anafuta jasho, anahesabu chenji. Mteja aliye upande wa pili wa njia anauliza bei kwa kunyanyua kidevu tu, naye anamwinulia vidole vitatu: elfu tatu. Katika kazi yote hiyo ya mikono, ishara ni moja, ile ya vidole. (Kidevu nacho kimesema, lakini hapa tunazungumzia mikono.)

Ishara ya mkono ni mwendo au mkao wa mkono ambao mtu anaufanya ili mwenzake ausome. Kufukuza nzi ni kitendo. Nzi akiondoka, kazi imekwisha, awepo wa kutazama au asiwepo. Vidole vitatu havina kazi nyingine yoyote zaidi ya kuonekana. Kuvitenganisha viwili hivyo si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Mtafiti Mwingereza Adam Kendon aliwahi kuwaonyesha watu filamu isiyo na sauti ya mtu wa Papua New Guinea akihutubia wenzake. Watazamaji hawakujua lugha yake, lakini kwa sehemu kubwa walikubaliana ni mienendo ipi ilikuwa sehemu ya maneno yake na ipi ilikuwa ya kujiweka sawa tu.

Utata upo mpakani. Kukuna kichwa kunaweza kuwa ni mba, kunaweza kuwa ni mtu aliyebanwa na swali. Mwaka 1969 Paul Ekman na Wallace Friesen, Wamarekani, waliitengea mienendo ya kujigusagusa kundi lake, kwa sababu inaweza kufichua hali ya mtu bila yeye kukusudia kusema chochote.

Mfano wa mpakani ninaoupenda zaidi uko kwenye kupokea. Mtoto aliyelelewa vizuri akipewa sarafu ya shilingi mia mbili na bibi yake, anaipokea kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha cha kulia, na magoti yamelegea kidogo. Sarafu haina uzito wa kuhitaji mikono miwili. Mkono wa kulia unafanya kitendo, unapokea. Wa kushoto hauna kazi hata kidogo, upo ili bibi auone. Kitendo na ishara vimefanyika kwa wakati mmoja, kila kimoja na mkono wake.

Sasa, ukitaka kumweleza mtu ishara ambayo hajaiona, kusema “alifanya hivi kwa mkono” hakumsaidii. Njia nzuri ya kuieleza imetoka kwa wanaochunguza lugha za viziwi. Mwaka 1960 mtafiti Mmarekani William Stokoe alionyesha kwamba kila alama katika lugha ya alama ya Marekani inaweza kuchambuliwa kwa kuangalia umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Baadaye wengine wakaongeza uelekeo, yaani kiganja kinatazama wapi. Badilisha kimoja tu, maana inahama.

Mtazame trafiki kwenye makutano ya barabara. Akiinua mkono wima, kiganja kikitazama mbele, wanaotakiwa kusimama ni wanaomjia kwa mbele. Akiunyoosha ubavuni, usawa wa bega, anayezuiwa ni anayekuja kwa nyuma yake. Dereva asiyejali tofauti hiyo atajikuta anaandikiwa faini.

Uelekeo wa kiganja ndio unaowaponza wageni zaidi. Kwetu, kumwita mtu ni kunyoosha mkono kiganja kikiwa chini, kisha vidole vyote vinakunjwa kwa pamoja kukuelekea. Kigeuze kiganja kiwe juu, umwite mtu mzima kwa kidole cha shahada peke yake kinachojikunja, na hata kama una haraka ya kweli, umemdharau. Mzungu mgeni naye, akiitwa kwa ule mkono wetu wa kiganja chini, anaweza kudhani anaagwa au anafukuzwa, akaondoka zake.

Ishara hazilingani uzito. Ziko zinazosimama peke yake bila neno: dole gumba juu, kupunga mkono wa kwaheri, kidole mdomoni cha kunyamazisha. Hizi ni za makubaliano, na makubaliano yana wenyewe. Vidole viwili vilivyotanuliwa kwenye mkutano wa hadhara ni salamu ya Chadema. Akiviinua abiria kwa bodaboda aliye mbali, huenda anauliza kama elfu mbili inatosha, au anasema wako wawili. Nchini Uingereza Winston Churchill alivieneza kama alama ya ushindi mwaka 1941 wakati wa vita, ila hukohuko ukivionyesha mgongo wa mkono ukimtazama mwenzako, ni tusi. Kushika tama nako kumo humu: kiganja shavuni, kiwiko gotini. Ni mkao wa huzuni, na ndiyo maana mtoto aliyechoka tu akikaa hivyo hukemewa na wakubwa kana kwamba ameita msiba. Mikono miwili kichwani hukemewa vilevile.

Nyingine haziwezi kuishi bila maneno. Dereva wa lori anayesimulia alivyopitwa na basi kwenye mteremko atafanya kiganja kimoja kuwa lori, kingine basi, na utaona kabisa jinsi basi lilivyojipenyeza. Ondoa sauti, vinabaki viganja viwili vinavyopishana. Mbunge anayeeleza kwamba deni limepanda huinua kiganja juu, ingawa deni halina kimo. Mkono unaonyesha picha iliyomo ndani ya usemi. Halafu kuna kunyoosha kidole, kunakojulikana na kila mtu, na kule kupigapiga hewa kwa mkono ili kuyapa maneno mdundo, ambako wahubiri wanakuweza kuliko sisi wote.

Je, tunafanya ishara kwa sababu ya anayetutazama tu? Hapo maana niliyoitoa juu inahitaji kulegezwa. Mtu akiongea na simu mikono yake inaendelea kuelekeza njia, “ukifika pale unakata kushoto”, na upande wa pili hakuna anayeiona. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa wasioona: nao hutumia mikono wanapoongea, hata wanapojua kwamba anayewasikiliza pia haoni. Hawajawahi kuona ishara ya mtu yeyote. Kwa hiyo sehemu ya ishara humsaidia msemaji mwenyewe kupanga anachotaka kusema, na msikilizaji hunufaika akiwepo.

Kosa moja linasikika mara kwa mara, la kuita lugha ya alama “ishara za viziwi”. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili. Ina msamiati na kanuni zake za kuunda sentensi, na huwezi kuielewa kwa kubahatisha eti kwa sababu una mikono. Mwanafunzi wa shule ya viziwi ya Kigwe, wilayani Bahi, anaitumia kueleza jana na kesho, kubisha, kutania na kufanya hesabu. Tena, kama mtu mwingine yeyote, katikati ya alama zake anachomeka ishara: anaonyesha ukubwa wa samaki, kisha anarudi kwenye sentensi yake.