Kwa Nini Usiku wa Filamu Huwa wa Buluu, na Shahidi wa Mbalamwezi Huona Nini Hasa?

Katika filamu nyingi za taharuki, tukio la usiku nje ya nyumba huja limevikwa rangi ya buluu: kuta ni za buluu, nguo ni za buluu, hata nyuso za watu zimeingiwa na ubuluu. Ndiyo maana wanafunzi wanaoandaa filamu fupi ya fumbo, wakifika kwenye ukurasa wa mswada ulioandikwa "Nje, usiku, kichochoroni", mara nyingi huanza kutafuta karatasi ya buluu ya kufunikia taa, au huamua kwamba mhariri ataipaka picha rangi hiyo baadaye. Wakiulizwa sababu, watajibu kwamba mwanga wa mwezi ni wa buluu. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake lina uzito mkubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa maana katika hadithi ya fumbo rangi ya nguo ambayo shahidi anasema aliiona usiku inaweza kuwa ndiyo kiini cha kesi nzima.

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Hupokea mwanga wa jua na kurudisha takriban asilimia 12 tu, kwa kuwa uso wake umefunikwa na miamba na vumbi la kijivu kinachoelekea hudhurungi. Vumbi hilo hurudisha miale myekundu vizuri kidogo kuliko miale ya buluu, kwa hiyo mbalamwezi inapotufikia huwa imeelemea upande wa wekundu kuliko mwanga wa jua ulioizaa. Wapigapicha hupima tofauti hiyo kwa kelvini: jua la mchana huhesabiwa kuwa karibu 5,500, na mwezi mpevu karibu 4,100, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo mwanga unavyozidi kuwa wa manjano. Mtu anayesimama gatini Lamu jioni ya mwezi mpevu akautazama ukichomoza juu ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, huuona ukiwa na rangi ya chungwa, kwa sababu wakati huo mwanga wake hupita katika hewa nyingi inayotawanya buluu. Baadaye, ukishapanda juu, huonekana mweupe. Zipo nyakati za nadra ambapo mwezi wenyewe umeonekana wa buluu, kama baada ya mlipuko wa volkeno ya Krakatau mwaka 1883, lakini hayo yalikuwa matokeo ya vumbi angani.

Jambo hili laweza kuthibitishwa kwa kamera ya kawaida, hata ya simu ikiwa inaruhusu mpangilio wa mkono. Katika usiku wa tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, mbali na taa za mji, kamera ifungwe juu ya tripodi, lenzi iachwe wazi kwa sekunde 30, na mpangilio wa rangi uwekwe kwenye alama ya jua, usiachwe ujirekebishe wenyewe. Picha itakayotoka itafanana na ya mchana kwa kiasi cha kushangaza: mikoko itakuwa ya kijani, mchanga utakuwa na rangi yake, na anga itakuwa ya samawati, ila nyota zitakuwa zimetapakaa humo. Kamera haikuona usiku wa buluu kwa sababu haukuwapo. Basi chanzo chake lazima kitafutwe ndani ya jicho la mtu.

Jicho lina aina mbili kuu za seli zinazotuwezesha kuona. Seli koni, takriban milioni 6 katika kila jicho, hufanya kazi mchana. Seli fimbo, ambazo ni makumi ya mamilioni, huchukua zamu ya usiku. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua kwa takriban mara 400,000, na katika hali hiyo seli koni hufanya kazi kwa shida mno. Ili kuelewa kinachopotea, mfikirie mchuuzi sokoni aliyefungwa macho, ambaye hutajiwa tu uzito uliosomwa kwenye mizani. Akiwa na mizani moja, kilo 2 za ndimu na kilo 2 za samaki aina ya changu ni kitu kimoja kwake, kwani mizani husema kiasi wala haisemi aina. Sasa apewe mizani tatu, kila moja ikiwa na upendeleo wake: ya kwanza huvutwa zaidi na samaki, ya pili na matunda, ya tatu na nafaka. Kapu lilelile likipimwa kwa zote tatu, mchuuzi atalinganisha majibu, na kutokana na tofauti zake atajua kilichomo bila kukiona. Seli koni ziko za aina tatu, na rangi ndiyo matokeo ya ulinganisho huo.

Usiku mizani zile tatu huondolewa, ikabaki moja tu, kwa kuwa seli fimbo zote ni za aina moja. Mizani hiyo ni nyepesi mno kiasi kwamba huhisi hata punje, lakini nayo ina upendeleo: huvutwa sana na mwanga wa buluu na kijani, na karibu haivutwi kabisa na mwanga mwekundu. Kitambaa cha buluu kitaripotiwa kuwa kizito, yaani chenye mwanga mwingi, na kitambaa chekundu kitaripotiwa kuwa kitupu, yaani cheusi. Ila jina la rangi, mizani iliyo peke yake haiwezi kulitaja.

Mwanasayansi wa Kicheki Jan Evangelista Purkyně aliandika kuhusu badiliko hili mwaka 1825, baada ya kuona kwamba alfajiri rangi ya buluu hutangulia kujitokeza, ilhali nyekundu, ambayo mchana hung'aa kupita nyingine, huwa imezama katika weusi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba jicho la mchana huona vyema zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, ambao ni kijani kinachoelekea manjano, na jicho la usiku hupendelea nanomita 507, karibu zaidi na buluu. Badiliko hilo halitokei papo hapo. Mtu aliyetoka katika chumba chenye taa huhitaji takriban nusu saa gizani kabla seli fimbo zake hazijafikia uwezo wake kamili, na mwanga mkali wa simu ukimpiga machoni huanza upya.

Hapa pana haja ya tahadhari, kwa sababu maelezo mengi huishia kwa Purkyně na kuhesabu kwamba swali limejibiwa. Badiliko alilolieleza linaonyesha kwa nini vitu vya buluu huwa angavu kuliko vyekundu usiku. Halionyeshi kwa nini ukuta mweupe uonekane wa buluu, maana seli fimbo hazitoi rangi yoyote. Ipo nadharia kwamba ishara za seli fimbo hupita katika njia zilezile za seli koni na kuegemea upande wa buluu. Ipo pia hoja ya ulinganisho, ambayo kwangu mimi ina nguvu zaidi kwa mtu wa filamu: anayetoka katika chumba chenye taa ya chemni au globu ya manjano huwa jicho lake limeshauzoea umanjano huo na kuuhesabu kuwa weupe, kwa hiyo mwanga wowote mweupe zaidi ulioko nje humwonekea kuwa wa buluu. Zaidi ya hayo, mwezi ukiwa mpevu kabisa, seli koni hazijafa zote, na watu wengine hutambua vivuli vya rangi ambavyo wenzao hawavioni. Ushahidi wa kuamua kati ya hoja hizi bado ni mwembamba.

Filamu zenyewe zilifika kwenye buluu kwa njia nyingine. Katika enzi za filamu zisizo na sauti, mikanda ilikuwa mizito ya kupokea mwanga, kwa hiyo matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, kisha mkanda ukachovywa katika rangi ya buluu ili mtazamaji aelewe kuwa jua limetua. Ilipokuja mikanda ya rangi, baadhi ilitengenezwa kwa taa za ndani zenye kelvini 3,200. Mpigapicha akiutumia mkanda huo nje kwenye jua bila kichujio cha rangi ya chungwa, kila kitu hutoka cha buluu, na akipunguza mwanga kidogo hupata usiku wa bei nafuu. Watazamaji wakazoea. Mbinu ya kupiga usiku mchana ingali hai: Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Namibia, ilipata usiku wake kwa jua kali la jangwani, tena kwa kuzidisha mwanga kwenye kamera badala ya kuupunguza, ili vivuli vibaki na maelezo ya kutosha kabla ya picha kutiwa giza na buluu katika uhariri.

Mwanafunzi anayepanga filamu yake Lamu ana nyenzo adimu kwa kazi hii, na pia ana mitego. Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mwanga huingia kwa masharti. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapotua. Saa mbili za usiku bado uko chini upande wa mashariki, kwa hiyo katika vichochoro vinavyokwenda sambamba na pwani hugusa sehemu za juu za kuta tu. Filamu itakayoonyesha miale ya mwezi ikimwagika sakafuni saa hiyo chini ya wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, itamkera kila aliyekulia pale. Vichochoro vinavyoshuka baharini, kwa upande mwingine, huupokea mwezi huo kwa urefu wake, na mtu anayepanda kutoka gatini huja akiwa kivuli cheusi kitupu, jambo ambalo mwongozaji wa filamu ya taharuki hawezi kuliomba zaidi.

Kuta nyeupe za chokaa zina ugumu wake iwapo usiku utapigwa mchana. Hurudisha mwanga kila upande na kuvijaza vivuli, na kivuli kikijaa, usiku hauaminiki hata ukipakwa buluu ya namna gani. Kinachomsadikisha mtazamaji ni mwelekeo mmoja wa mwanga, vivuli vizito, na anga isiyoonekana. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na mwezi mpevu wa siku hizo hupita karibu na hapo usiku wa manane. Mstari wa mwanga unaoanguka kichochoroni adhuhuri katika majira hayo unakaribiana na ule wa mwezi, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuiga.

Ipo buluu ya kweli pia, nayo ni ya muda mfupi. Baada ya jua kutua, mwanga unaobaki angani hupita mbali katika tabaka la ozoni, ambalo hufyonza sehemu ya miale ya manjano na ya chungwa na kuacha buluu. Mwanasayansi Edward Hulburt alilieleza hilo mwaka 1953. Karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo muda huo ni takriban dakika 20. Kwa Lamu dakika hizo ndizo za swala ya magharibi, watu wakielekea misikitini, na kundi lenye kamera na vyuma halina haki ya kuziba njia. Mazungumzo na wazee wa mtaa hufanywa siku nyingi kabla, sambamba na kuomba kibali kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, kinachotakiwa chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya.

Wanaotaka mwezi wenyewe wazingatie kwamba nusu mwezi hautoi nusu ya mwanga. Hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa mwezi mpevu, kwa hiyo siku zinazofaa ni chache, na kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Usiku wa mwezi mpevu ndio pia wa bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kupita kawaida. Jahazi lililofungwa gatini katika picha ya kwanza litakuwa limeshuka au kupanda kwa zaidi ya mita 2 ifikapo picha ya mwisho, na mwendelezo wa tukio utavunjika.

Turudi kwa shahidi. Mswada ukisema kwamba mzee aliyeketi dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, alimwona mtu aliyejitanda leso nyekundu akipita kwenye mbalamwezi, mswada umekosea, isipokuwa kama leso hiyo aliijua kabla. Alichoweza kukiona kwa hakika ni leso nyeusi, na leso ya buluu iliyo kando yake ingemwonekea nyeupe au ya kijivu. Ukweli huo ni zawadi kwa mwandishi wa fumbo, kwani unampa shahidi mkweli ambaye maneno yake yanampeleka mpelelezi kwa mtu asiyehusika, bila uongo wowote kusemwa. Ila sharti mandhari yaruhusu. Njia kuu za Lamu sasa zina taa za umeme, na chini ya taa seli koni huamka na wekundu hurudi. Tukio kama hilo lipangwe usiku umeme umepotea, au lihamishiwe kwenye machuguu ya mchanga ya Shela au kwenye magofu ya Takwa huko Manda, na nguo zote za waigizaji zipelekwe huko kwanza usiku wa mwezi mpevu, zitazamwe baada ya nusu saa ya giza bila simu kuwashwa, kisha kila mmoja aandike anazoziona nyeusi kabla ya kulinganisha na wenzake.