Kipato kikikatika, usianze kupunguza mboga

Wiki iliyopita alikuja kliniki mama mmoja na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Kufungua kadi, nakuta mstari wa uzito umelala miezi miwili mfululizo. Nikamuuliza wanakula nini. "Dada, baba yake kazi imesimama, lakini ugali haujakosekana." Ugali na nini? Akainama. Mchuzi wa nyanya na kitunguu, wiki ya tatu sasa.

Mimi ni ofisa lishe, na hali hii nimeikuta mara nyingi mno. Inaniuma kwa sababu si uzembe. Pesa ikipungua, cha kwanza kukatwa ni mboga: maharage yanatoka, dagaa wanatoka, unabaki ugali na kitu cha kuulowanisha. Mtu mzima atajikaza kwa muda. Mtoto mdogo anadumaa huku tumbo limejaa.

Kama lazima kukata, kata sukari, soda na mkate wa asubuhi. Viazi vitamu vya kuchemsha vinashibisha kuliko slesi mbili na chai. Chai yenyewe msinywe pamoja na chakula, maana inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Acheni saa moja ipite.

Dagaa wanadharauliwa bure. Gramu 50 za dagaa wakavu zina karibu gramu 30 za protini, sawa na mayai matano. Kwa hiyo robo kilo ni kama mayai 25. Linganisha bei mwenyewe hapo sokoni. Wa Mwanza mara nyingi wana mchanga, basi waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, uwaanike wakauke. Mfupa ule mdogo usiutupe, ndiko kalisi iliko. Yule mama nilimwelekeza hivi: wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole, watwange, uchekeche, unga wake uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji wa mtoto, kila siku.

Kuhusu maharage, naambiwa kila mara, "Yanakula mkaa." Ni kweli, yakipikwa bila kulowekwa. Loweka tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Muda wa kupika unapungua sana, na gesi tumboni pia. Kilo moja kavu ikiiva inapita kilo mbili, kwa hiyo chemsha yote mara moja, uunge kidogo kidogo. Kama huna friji, yachemshe upya asubuhi na jioni, yaishe siku ya pili. Magadi yanayalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1, na kwa familia inayokula kwa kubana hiyo ni hasara.

Unga uwe dona. Ukikoboa mahindi unalipia kuondolewa kiini na pumba, kwenye mafuta, vitamini na madini, kisha unaletewa wanga mtupu. Dona huchacha mapema, basi saga kidogo kidogo.

Nyumba ambayo kazi imeisha juzi na malipo ya mwisho bado yapo, naomba mnisikilize: kabla pesa haijaanza kutoka kwa vipande, nunueni debe la mahindi na maharage ya mwezi. Unga wa kupima kila jioni dukani ndio unga ghali kuliko wote. Matembele na mchicha vitapatikana kwa fungu. Vipikwe dakika chache, na limao likamuliwe mezani.

Karanga nazipenda, zinaupa uji mafuta na protini. Ila zile zilizosinyaa, zenye ukungu, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, usiziguse hata kama hali ni mbaya. Zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Chambua karanga moja moja kabla ya kusaga. Zile mbovu zifukie, hata kuku usimpe.