Kuunda upya mashine za Leonardo: nini hasa hupimwa?

Kuunda upya ni kuchukua mchoro wa zamani, mara nyingi wa chombo ambacho hakikuwahi kutengenezwa, na kukitengeneza leo ili kukijaribu. Mashine za kuruka za Leonardo da Vinci (1452–1519), mchoraji na mbunifu wa Italia, zimefanyiwa hivyo mara nyingi, na kila mara husemwa kuwa mzee alikuwa sahihi. Taratibu kidogo. Uliza kwanza: ni kipi kimebaki cha Leonardo, na kipi kimebadilishwa?

Chukua parachuti yake yenye umbo la piramidi. Mwaka 2000, Mwingereza Adrian Nicholas alishuka nayo Afrika Kusini kutoka kwenye puto la hewa moto, mita 3,000 hivi juu. Ilikuwa ya turubai na fremu ya mbao, na ilishuka vizuri bila kuyumba. Ila ilikuwa na kilo 85 hivi. Kutua nayo kungeweza kumponda, kwa hiyo hewani aliiachia, akafungua parachuti ya kisasa. Mwaka 2008, Mswisi Olivier Vietti-Teppa alitumia kitambaa cha kisasa bila fremu ya mbao, akatua salama. Nicholas alipima mchoro mzima, uzito wake ukiwemo. Vietti-Teppa alipima umbo tu.

Parafujo ya angani ndiyo inayopotosha watu zaidi. Leonardo aliichora miaka ya 1480: bawa lililojipinda kama skrubu, la kitani kilichopakwa wanga, likizungushwa ili lipae hewani. Misuli ya binadamu isingetosha kuizungusha. Tena, watu wangesukuma wakiwa wamesimama juu ya chombo chenyewe, basi jukwaa lingezunguka kinyume chini ya nyayo zao. Droni iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na kuonyeshwa ikiruka mwaka 2022, ina parafujo nne ndogo za plastiki zinazozungushwa kwa mota za umeme, na mizunguko yake hubatilishana. Imethibitisha kwamba umbo lile linaweza kuinua kitu. Mashine ya Leonardo yenyewe isingebanduka ardhini.

Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kilienda njia nyingine. Ndege yake, Snowbird, haikunakili mchoro wowote wa Leonardo. Ilichukua ndoto ya Leonardo ya mtu kupiga mabawa kwa nguvu zake mwenyewe. Mabawa yalikuwa na upana wa mita 32, chombo kizima kilo 43 kwa sababu ya nyuzi za kaboni. Mwaka 2010 rubani alikanyaga kwa miguu akakaa angani sekunde 19.3 na kwenda umbali wa mita 145, baada ya gari kumvuta mpaka akapaa.