Twiga anavyokula na kucheua

Mtu akiulizwa sifa ya twiga hutaja shingo, nami sina ugomvi na jibu hilo. Hata hivyo, katika kazi yangu ya utabibu wa wanyama hapa Dodoma, nimezoea kuanza maelezo mdomoni, kwa sababu shingo humfikisha twiga kwenye jani tu, na namna anavyolichuma ndiyo inayoamua tumbo lake litafanya kazi gani.

Migunga ya ukanda huu mkame imejaa miiba mirefu na mikali. Twiga huyafikia majani madogo yaliyo katikati ya miiba hiyo kwa ulimi wa takriban sentimita 45, unaojikunja kuzunguka kijiti, akisaidiwa na midomo minene inayonyumbulika pamoja na mate mazito. Kama ng'ombe na mbuzi, hana meno ya mbele katika taya la juu. Ila chonge zake za chini zimegawanyika ncha, kwa hiyo anapovuta kichwa, tawi zima hupukutika majani kwa mara moja.

Tumbo lake lina vyumba vinne kama la ng'ombe, yaani rumeni, retikulamu, omasamu na abomasamu, na vijidudu vya rumeni ndivyo vinavyovunja nyuzi za mmea. Tofauti ni kwamba ng'ombe huhitaji rumeni kubwa ili nyasi ngumu zikae humo muda mrefu, ilhali twiga, ambaye huchagua majani yenye protini nyingi, ana rumeni ndogo ukiilinganisha na mwili wake. Anapocheua, tonge hupanda umio wote wa shingo hiyo ndefu, nawe ukiwa na darubini utaliona likitembea chini ya ngozi hadi mdomoni, kisha likishuka tena. Kwangu mimi, msuli unaofanya kazi hiyo unastaajabisha kuliko urefu wa shingo wenyewe, ambayo ina pingili saba tu kama yetu.

Maji mengi huyapata katika majani. Kiangazi, migunga mingi inapobaki mitupu, twiga hufuata mabonde na kingo za mito. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kusini-magharibi mwetu, kuna mgunga uitwao kitaalamu Faidherbia albida, ambao huchipua majani wakati wa ukame na kuyapukutisha mvua zinapoanza. Wakati mwingine huonekana pia akitafuna mfupa mkavu, jambo linalowashangaza wengi kwa mla majani: anatafuta fosforasi na kalsiamu.