Hujaiharibu list, umeifunika tu

Nimeletewa tena swali lilelile: "Kaka, niliandika list = [1, 2, 3], sasa list imeharibika. Nisakinishe Python upya?"

Hapana, mdogo wangu. Usisakinishe chochote.

Python hutafuta jina kuanzia ndani ya fanksheni, kisha fanksheni inayoizunguka, kisha moduli (faili la msimbo lenyewe), na mwisho kabisa builtins, yaani majina yanayokuja na Python yenyewe, kama list. List yako imekutwa mapema, basi. Mtoto akipewa jina la babu, babu hajafa. Ni vile tu ukiita, aliye karibu ndiye anaitika. Andika del list kufuta jina lako, babu ataitika.

Kwenye Jupyter, daftari la kuandikia msimbo kwa vipande viitwavyo seli, watu hupagawa zaidi: wamefuta seli yenye kosa, na bado wanaambiwa 'list' object is not callable. Umefuta maandishi, ndugu. Jina bado liko kwenye kumbukumbu ya kerneli, ile programu inayoendesha msimbo wako.

Ila ndani ya fanksheni mambo ni mengine, na hapa ndipo ninapokereka, maana wanaofundisha hupita mbio. Mstari wa kwanza: jumla = sum(bei). Chini kabisa, mstari wa mwisho: sum = 0. Utasema ule wa kwanza uko salama, si umetangulia? Hauko salama. Kabla ya kuendesha hata mstari mmoja, Python imeshaamua kwamba sum ni jina la ndani ya fanksheni nzima, kwa hiyo mstari wa kwanza unaanguka na UnboundLocalError, yaani jina la ndani limetumika kabla halijapewa thamani. Kosa liko chini, kilio kinatoka juu.

Kubadilisha kwelikweli ni builtins.print = yangu, yaani kuweka fanksheni yako mahali pa print ya Python. Hapo umezigusa moduli zote za programu inayoendeshwa, hata maktaba za watu, mpaka uizime. Karibu zote: iliyokwisha kuihifadhi print ya zamani kwa jina jingine itaendelea nayo. Tena ukibadilisha builtins.list, mabano ya [1, 2] hayana habari, kwa sababu hayatafuti jina lolote. Ungedhani sintaksia yote iko hivyo, lakini import huenda kuuliza builtins.__import__. Kanuni safi ya kumpa mwanafunzi hapa sina.

Wala sina msimamo mkali juu ya majina yenyewe. Maktaba sanifu ya Python ina gzip.open, ya kufungua faili zilizobanwa, na ndani ya faili hilohilo inabidi waandike builtins.open ili waifikie ile ya asili. Mimi jina id, nalo ni la builtins, huliacha lipite kwenye fanksheni fupi. List na str siachi. Ukiniuliza mpaka uko wapi hasa, nitakukunjia uso tu.